Mafuta kwenye ini: ugonjwa usiouma unaodai nafasi katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu

Sentensi fupi isemayo kuwa ini lina mafuta imeanza kuwa jambo la kawaida katika majibu ya vipimo vya utrasaundi nchini. Mara nyingi mgonjwa hakwenda hospitali kwa ajili ya ini. Alikwenda kwa maumivu ya tumbo, kwa vijiwe vya figo, au kwa uchunguzi wa jumla unaotakiwa na mwajiri, na sentensi hiyo ikajitokeza pembeni ya jambo lililompeleka. Kadiri mashine za utrasaundi zinavyosambaa kutoka hospitali za rufaa hadi hospitali za wilaya na vituo vya afya, idadi ya wananchi wanaorudi nyumbani na karatasi yenye maneno hayo inaongezeka, na wengi wao hawaelezwi maana yake kwa kina.

Kutoelezwa huko kumezaa makundi mawili. Lipo kundi linaloamini kuwa limepewa hukumu ya saratani, likaanza kuhangaika kutafuta dawa za kusafisha ini. Lipo pia kundi linaloikunja karatasi na kuisahau, kwa kuwa halisikii maumivu yoyote. Ukweli wa kitabibu hauko upande wa kundi lolote kati ya haya. Kwa walio wengi ugonjwa huu hauishii katika ini kushindwa kufanya kazi, lakini kwa wachache hufika huko, na kazi kubwa ya mfumo wa afya ni kuwatambua wachache hao wakati bado kuna la kufanya.

Ini la mtu mwenye afya huwa na mafuta kidogo sana. Wataalamu huhesabu kuwa kuna tatizo pale mafuta yanapoonekana katika zaidi ya asilimia 5 ya chembehai za ini. Kwa karne nzima ya 20 hali hiyo ilihusishwa zaidi na unywaji wa pombe, kiasi kwamba mgonjwa aliyekana kunywa hakuaminiwa. Mwaka 1980 daktari Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha taarifa ya wagonjwa 20 ambao maini yao yalifanana kabisa na ya walevi ilhali hawakuwa wanywaji. Kutokana na taarifa hiyo ugonjwa ulipata jina lililodumu kwa zaidi ya miaka 40: ugonjwa wa mafuta kwenye ini usiotokana na pombe.

Juni 2023 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa ini vilikubaliana kuliacha jina hilo. Jina jipya huutambulisha kuwa ugonjwa wa mafuta kwenye ini unaohusiana na hitilafu za umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia na kuhifadhi chakula. Mabadiliko hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Jina la zamani lilisema ugonjwa hautokani na nini. Jipya linasema unatokana na nini. Ili mtu ahesabiwe kuwa nao, pamoja na mafuta kwenye ini ni lazima awe na angalau moja kati ya mambo matano: uzito au mzunguko wa kiuno uliozidi kipimo, sukari iliyopanda, shinikizo la damu kuanzia 130/85, mafuta ya trigliseridi yaliyozidi, au upungufu wa lehemu nzuri. Kwa mwenye macho ya kuona, orodha hiyo ni ileile inayobandikwa ukutani katika kliniki za kisukari na moyo.

Namna ini linavyofikia hali hiyo inaeleweka vizuri. Mtu anapokula zaidi ya anachotumia kwa muda mrefu, hasa wanga uliokobolewa na sukari, ghala za mafuta chini ya ngozi hujaa. Mafuta huanza kutafuta mahali pengine, na ini huwa la kwanza kuyapokea. Wakati huohuo mwili huwa mzito kuitikia homoni ya insulini, kongosho hulazimika kuizalisha kwa wingi, na insulini hiyo ya ziada huliamuru ini litengeneze mafuta mengine zaidi kutokana na sukari. Sukari ya aina ya fruktosi, ambayo ni karibu nusu ya sukari ya mezani, huchakatwa kwa sehemu kubwa ndani ya ini lenyewe. Ndiyo maana soda na vinywaji vingine vyenye sukari vina nafasi yake maalumu katika ugonjwa huu. Inawezekana pia kuupata bila unene wa kuonekana, kwa kuwa kitambi kidogo kinachoficha mafuta katikati ya matumbo kina madhara kuliko uzito uliotapakaa mapajani na nyongani.

Safari ya ugonjwa ina vituo vinne, ingawa si kila abiria hufika cha mwisho. Kituo cha kwanza ni mafuta peke yake. Kituo cha pili ni pale mafuta hayo yanapochokoza ini, chembehai zikavimba na nyingine kufa, hali ambayo hutokea takribani kwa mtu mmoja kati ya watano wenye ugonjwa. Cha tatu ni makovu: ini linapojitibu hujaza nafasi za chembehai zilizokufa kwa nyuzi ngumu, na madaktari huyapanga makovu hayo katika ngazi kutoka sifuri hadi nne. Ngazi ya nne ndiyo sirosisi, pale ini linapokuwa limekakamaa na kujaa mafundo, damu ikapita kwa shida.

Mwendo wa safari hiyo ni wa polepole. Uchambuzi wa tafiti zilizofuatilia wagonjwa kwa kuwapima nyama ya ini zaidi ya mara moja ulionyesha kuwa mwenye mafuta peke yake huchukua wastani wa miaka 14 kupanda ngazi moja ya makovu, ilhali ambaye ini lake limekwisha kuchokozwa huchukua takribani miaka 7. Wastani, hata hivyo, huficha mengi. Wapo wasiopanda ngazi yoyote maisha yao yote, wapo wanaoshuka, na wapo wachache wanaopanda ngazi kadhaa ndani ya muongo mmoja. Kisukari cha aina ya pili ndicho kichocheo kikubwa zaidi cha mwendo huo wa kasi. Hufuatiwa na unene, umri mkubwa, shinikizo la damu na unywaji wa pombe, kwani mtu mwenye mafuta kwenye ini anayekunywa huongeza kuni katika moto ambao tayari unawaka.

Urithi nao una sehemu yake. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walibaini badiliko katika jeni iitwayo PNPLA3 ambalo huwafanya wenye nalo wakusanye mafuta mengi kwenye ini. Badiliko hilo lilionekana zaidi kwa watu wenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati, na kwa uchache zaidi kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Matokeo hayo yamewafanya baadhi ya watu kudhani kuwa ugonjwa huu hauwahusu Waafrika. Dhana hiyo haina msingi. Jeni hupunguza au kuongeza uwezekano tu. Haifuti athari ya kisukari kisichodhibitiwa kwa miaka 15.

Swali ambalo kila mgonjwa huuliza ni ataishi muda gani. Jibu lake huwashangaza wengi, kwa sababu kinachowaua zaidi watu wenye mafuta kwenye ini si ini. Ni moyo na mishipa ya damu, kisha saratani za viungo vingine, na ndipo ini lenyewe linafuata. Kwa maneno mengine, mafuta kwenye ini ni kengele inayolia kwa ajili ya mwili mzima. Daktari anayemwona mgonjwa wa aina hii na kushughulika na ini pekee, bila kupima shinikizo la damu, sukari na lehemu, atakuwa ameacha hatari kubwa bila kuigusa.

Hali hubadilika kadiri makovu yanavyozidi. Tafiti za muda mrefu zimekubaliana kuwa kati ya vitu vyote vinavyoweza kuonekana katika nyama ya ini, ngazi ya makovu ndiyo inayotabiri vifo kuliko wingi wa mafuta au kiwango cha uvimbe. Mgonjwa mwenye makovu ya ngazi ya kwanza ana matarajio ya maisha yasiyotofautiana sana na ya mtu wa rika lake mwenye kisukari au uzito kama wake. Kuanzia ngazi ya pili tofauti huanza kuonekana, na katika ngazi ya tatu na ya nne ini lenyewe huwa chanzo kikuu cha hatari. Hata sirosisi ina sura mbili. Mtu ambaye ini lake limekakamaa lakini bado linafanya kazi anaweza kuishi zaidi ya miaka 10 bila dalili kubwa. Pindi tumbo linapojaa maji, mishipa ya umio inapopasuka na kutapisha damu, au akili inapoanza kuchanganyikiwa kwa sumu ambazo ini limeshindwa kuziondoa, nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya takribani miaka 2 wasipopata ini jingine. Upandikizaji wa ini ni huduma adimu barani Afrika, ambako Misri na Afrika Kusini ndizo zenye uzoefu mkubwa. Tanzania ilianza kupandikiza figo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Novemba 2017, lakini ini ni kiungo chenye ugumu wa daraja jingine kabisa, na haitakuwa busara kuujenga mkakati wa taifa juu ya tiba hiyo.

Ipo pia saratani ya ini. Mwenye sirosisi itokanayo na mafuta anakabiliwa na uwezekano wa kati ya asilimia 1 na 2 kila mwaka wa kuipata. Uwezekano huo unaonekana mdogo kwa mwaka mmoja, lakini ukijumlishwa kwa miaka 10 si mdogo tena. Kwa sababu hiyo miongozo ya kimataifa hutaka kila mwenye sirosisi apimwe utrasaundi kila baada ya miezi 6. Uvimbe unaogunduliwa ungali mdogo unaweza kukatwa au kuunguzwa. Ule unaogunduliwa kwa sababu mgonjwa amekonda na kuwa wa manjano kwa kawaida huwa umechelewa.

Hapa ndipo Tanzania ina mazingira yake, tofauti na ya nchi ambako sehemu kubwa ya tafiti hizi ilifanyika. Saratani ya ini katika ukanda huu kwa miaka mingi imesababishwa na virusi vya homa ya ini aina ya B pamoja na sumukuvu, inayozalishwa na ukungu katika mahindi na karanga zisizokaushwa vema. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilishuhudia vifo vilivyotokana na chakula chenye sumukuvu, tukio lililochochea mradi wa kitaifa wa kudhibiti sumu hiyo. Chanjo ya homa ya ini B imekuwamo katika ratiba ya watoto tangu mwaka 2002, hivyo kizazi kilichozaliwa baada ya hapo kina kinga ambayo wazazi wao hawakuipata. Mtanzania mwenye umri wa miaka 50 leo anaweza kuwa na virusi hivyo bila kujua, akawa amekula sumukuvu kidogokidogo tangu utotoni, na sasa akaongezewa mafuta kwenye ini kutokana na maisha ya mjini. Mambo hayo matatu katika ini moja hayajumlishwi tu, bali kila moja hulipa jingine nguvu. Mtu yeyote anayeambiwa ana mafuta kwenye ini anastahili kupimwa homa ya ini B na C kabla ya jambo jingine lolote, na asiye na virusi wala kinga apewe chanjo.

Takwimu za viashiria vya hatari zinaonyesha mwelekeo. Katika Utafiti wa Hali ya Afya na Uzazi wa mwaka 2010, asilimia 22 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Katika utafiti wa 2015/16 idadi hiyo ilifika asilimia 28, na mijini ilikuwa juu zaidi kuliko vijijini. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wazima wakiwa na kisukari na asilimia 25.9 wakiwa na shinikizo la juu la damu. Duniani, makadirio ya wataalamu yanaonyesha kuwa walau mtu mzima mmoja kati ya wanne ana mafuta kwenye ini, na miongoni mwa wenye kisukari cha aina ya pili ni zaidi ya nusu. Kundi jingine linalohitaji kutazamwa ni wananchi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao kwa mafanikio ya dawa sasa wanafikia uzee, na ambao baadhi yao huongezeka uzito baada ya kuanza dawa zenye dolutegravir.

Serikali ilizindua mpango wa taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza jijini Dodoma Novemba 2019. Mipango ya aina hiyo, nchini na kwingineko, hufuata mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani wa makundi makuu manne: magonjwa ya moyo na mishipa, saratani, kisukari, na magonjwa sugu ya njia ya hewa. Ini halimo katika makundi hayo kwa jina lake. Kwa hiyo mgonjwa wa mafuta kwenye ini huanguka katika ufa: kliniki ya kisukari humwona kama mgonjwa wa sukari, kliniki ya tumbo na ini humpokea akiwa tayari na maji tumboni, na katikati ya hizo mbili hakuna anayeuliza ini limefikia ngazi gani ya makovu.

Ufa huo unaweza kuzibwa bila kujenga jengo jipya. Utrasaundi, ambayo ndiyo huanzisha habari yote, haina uwezo wa kupima makovu ya mwanzo, na hata mafuta yenyewe huyaona vizuri pale tu yanapokuwa mengi. Mashine maalumu za kupima ugumu wa ini zipo katika vituo vichache. Kuchukua kinyama cha ini kwa sindano ni kipimo sahihi lakini chenye gharama na hatari yake. Kinachobaki ni hesabu inayojulikana kama FIB-4, inayohitaji vitu vinne tu: umri wa mgonjwa, vimeng'enya viwili vya ini viitwavyo AST na ALT, na idadi ya chembe sahani za damu. Umri huzidishwa kwa AST, jibu likagawanywa kwa zao la chembe sahani na kipeuo cha pili cha ALT. Jibu lililo chini ya 1.3 huashiria kuwa makovu makubwa hayatarajiwi, lililozidi 2.67 humtaka mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu. La katikati linahitaji kipimo kingine. Kwa wenye zaidi ya miaka 65 mpaka wa chini hupandishwa hadi 2.0.

Mfano husaidia. Mama wa miaka 52 mwenye kisukari ana AST ya 38, ALT ya 49 na chembe sahani 220. Hesabu yake hutoa takribani 1.28, na anaweza kuendelea kutibiwa kisukari chake karibu na nyumbani huku akipimwa tena baada ya mwaka mmoja au miwili. Vimeng'enya vikibaki vilevile lakini chembe sahani zikawa 150, jibu linakuwa takribani 1.88 na mama huyo anahitaji kuangaliwa zaidi. Karatasi zake mbili za maabara zingetazamwa moja moja, huenda hakuna ambaye angeshtuka, kwani chembe sahani 150 bado zipo ndani ya kiwango cha kawaida. Hesabu hii inaweza kufanywa kwa simu ya mkononi na muuguzi wa kliniki. Hospitali za wilaya zenye uwezo wa kupima picha kamili ya damu na vimeng'enya vya ini zina kila kitu kinachohitajika, na mahali pa kuanzia ni pale wenye kisukari wanapokutana kila mwezi.

Kuhusu tiba, miaka michache iliyopita imeleta habari mpya. Machi 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha resmetiromu, dawa ya kwanza kabisa kwa ajili ya uvimbe wa ini utokanao na mafuta wenye makovu ya kati hadi makubwa ambayo hayajafikia sirosisi. Agosti 2025 iliidhinisha pia semaglutidi, dawa ya sindano ambayo tayari ilikuwa ikitumika kwa kisukari na unene. Ni hatua kubwa, lakini namba zake zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Katika jaribio la resmetiromu, makovu yalipungua kwa takribani robo ya waliopewa dawa, ilhali kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa yalipungua kwa asilimia 14. Kwa semaglutidi ilikuwa takribani asilimia 37 dhidi ya 22. Dawa hizi ni ghali, na si tegemeo la karibuni kwa mgonjwa wa kawaida.

Tiba yenye nguvu zaidi bado ni kupunguza uzito, na ushahidi wake bora ulitoka Cuba, nchi isiyo na utajiri. Watafiti huko waliwafuatilia wagonjwa 293 kwa mwaka mmoja na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Miongoni mwa waliopunguza asilimia 10 au zaidi ya uzito wao, uvimbe wa ini ulitoweka kwa asilimia 90 na makovu yalirudi nyuma kwa asilimia 45. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni kilo 9. Kilo 4 na nusu zinatosha kupunguza mafuta, na kilo 6 au 7 huanza kutuliza uvimbe. Upande wa pili wa matokeo hayo husahauliwa: walioweza kufikia asilimia 10 walikuwa takribani mmoja kati ya kumi, na asilimia 30 tu ndio waliofikia 5. Kumwambia mgonjwa apunguze uzito na kumpa tarehe ya kurudi baada ya miezi 6 si matibabu. Ushauri wa lishe unahitaji mtu wa kuutoa, mizani ya kupimia, na ufuatiliaji wa mara kwa mara.

Ushauri wenyewe hauhitaji vyakula vya kigeni. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji uliotolewa mwaka 2023 unasisitiza mboga, matunda, jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa, vitu ambavyo soko la mtaa linavyo. Ugali wa dona, maharage, mchicha na dagaa ni mlo ambao daktari wa ini popote duniani angeuidhinisha, mradi sinia lisijazwe ugali robo tatu. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari, zaidi ya gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linaona ni vizuri mtu mzima asizivuke kwa siku nzima. Chipsi za jioni zinazokaangwa katika mafuta yaliyotumika mara nyingi ni mzigo mwingine. Mazoezi ya dakika 150 kwa wiki hupunguza mafuta ya ini hata pale mizani inapogoma kushuka. Na kwa wakulima wa Kagera na Kilimanjaro, ambao kahawa yao kwa sehemu kubwa huishia katika vikombe vya nchi nyingine, itapendeza kujua kuwa tafiti nyingi zimehusisha unywaji wa kahawa na makovu machache ya ini, alimradi isitiwe vijiko vinne vya sukari.

Tahadhari moja inahitaji kusemwa bila kuzunguka. Mitandao ya kijamii imejaa matangazo ya unga, majani na vidonge vinavyodaiwa kusafisha ini ndani ya siku 7 au 21. Ini halina uchafu wa kusafishwa. Lina mafuta yaliyoingia kwa miaka na yanayotoka kwa miezi. Baadhi ya mchanganyiko wa mitishamba huliumiza ini moja kwa moja, na mgonjwa anayefika hospitalini na macho ya manjano baada ya kuitumia huwa ameongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Dawa za asili zilizosajiliwa zinatambulika kupitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kutokuwapo kwa usajili ni sababu tosha ya kuiacha chupa dukani. Kinyume chake, zipo dawa za hospitali ambazo wagonjwa huziacha kwa woga usio na sababu. Vidonge vya kushusha lehemu vya kundi la statini ni salama kwa walio wengi wenye mafuta kwenye ini, na kwa kuwa moyo ndio huwaua kwanza, kuviacha kwa kisingizio cha kulinda ini ni kujiweka hatarini.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inaliweka suala hili katika hesabu ya fedha za umma. Mfuko wa bima utakaomhudumia kila mkazi utakutana na wagonjwa hawa kwa namna moja au nyingine. Unaweza kukutana nao mapema, kwa gharama ya vipimo vitatu vya damu kwa mwaka katika kliniki ya kisukari, au kukutana nao wodini, wakitolewa maji tumboni kila baada ya wiki mbili na kufungwa mishipa ya umio inayovuja damu. Uamuzi huo utafanyika kimyakimya, katika kuchagua vipimo gani viingie kwenye kitita cha huduma za msingi kwa mwenye kisukari. AST, ALT na chembe sahani ni vipimo vya bei ndogo, na kipimo cha homa ya ini B hufanyika mara moja. Kwa mwananchi ambaye tayari ana karatasi yenye maneno hayo, hatua ya sasa ni kuipeleka kliniki pamoja na majibu ya sukari na shinikizo la damu, kisha kumwomba mhudumu ahesabu FIB-4 na kuiandika katika kadi yake, ili mwakani kuwe na namba ya kulinganisha.